Chungu cha Ikombe, Moto wa Shigaraki

Wazee wangu, walimu wenzangu, vijana mliotoka vyuo vya sanaa, na kwa heshima ya pekee mama zangu wafinyanzi wa Ikombe, kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mliovuka kwa mtumbwi hadi Matema ndipo mkapata gari la kuja huku: shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie miezi niliyokaa Japani, katika mji wa Shigaraki, nikiwa msanii mgeni kwenye karakana za ufinyanzi za huko. Wengi mmeniuliza habari za baridi, chakula na safari ya ndege. Hayo tutayaongea wakati wa chai. Hapa nataka kusema jambo moja ambalo limenijaa kifuani tangu nirudi. Chungu tunachokifinyanga huku hakijachelewa. Hakiko mwanzoni mwa njia ambayo mwisho wake ni kauri ya kumetameta. Na ikiwa hivyo ndivyo, basi mahali pa kuwapokea wasanii waje kujifunza udongo panatakiwa pawepo huku pia, na walimu wake tunao tayari, wameketi safu ya mbele.

Kwa wasiojua, niseme residensi ni nini. Msanii anaandika maombi, anaeleza kazi anayotaka kuifanya, na akikubaliwa anapewa chumba cha kulala, meza katika karakana, udongo wa kununua kwa kilo, na zamu ya kutumia tanuri. Hakuna ratiba ya vipindi wala mtihani. Unafanya kazi yako, na pembeni yako yupo mwingine anafanya yake, ametoka nchi usiyoijua, na elimu inapita hapo katikati kwa kutazamana mikono. Nyumba za namna hii zipo nyingi duniani. Marekani ipo Archie Bray, mjini Helena katika jimbo la Montana, iliyoanzishwa mwaka 1951 kwenye eneo la kiwanda cha matofali. Uholanzi wana kituo chao cha kauri huko Oisterwijk. China wana Jingdezhen, mji uliotengeneza kauri kwa zaidi ya miaka 1,000 na ambao leo umejaa vijana wa kigeni wenye udongo hadi viwikoni. Shigaraki ilifungua bustani yake ya utamaduni wa ufinyanzi mwaka 1990, kwa fedha za mkoa wa Shiga, na tangu 1992 inapokea wasanii kutoka kila pembe ya dunia.

Fedha za mkoa. Naomba viongozi mliopo mlishike hilo neno, nitalirudia.

Shigaraki ni mji mdogo kati ya milima. Udongo wake umetokana na tope la kale la Ziwa Biwa, ziwa lenye umri wa zaidi ya miaka milioni 4, ambalo kwa muda huo mrefu lilikuwa likihama taratibu kuelekea kaskazini na kuacha nyuma yake matabaka ya udongo. Sisi watu wa Ziwa Nyasa tunaweza kulielewa hilo: ziwa linaendelea kulisha watu hata pale maji yake yalipokwisha kuondoka. Udongo huo ni mkavu mkononi, una chembe nyeupe za mawe ndani yake, na zamani haukuchekechwa sana. Kwa zaidi ya miaka 700 wakulima wa bonde lile waliufinyangia mitungi ya kuwekea mbegu, maji na majani ya chai. Mitungi mikubwa, mizito, iliyopinda kidogo upande mmoja.

Katika karne za 15 na 16 wakaja wataalamu wa ibada ya chai, yaani ule utaratibu wa Wajapani wa kumwandalia mgeni chai kwa heshima, na jina kubwa kati yao ni Sen no Rikyu. Wakati huo matajiri wa Japani walithamini vyombo laini vilivyotoka China. Wataalamu wa chai wakaiangalia mitungi ya wakulima wa Shigaraki, yenye chembe za mawe zilizochomoza na majivu yaliyoganda mabegani, wakasema hiki ndicho chombo cha kuwekwa mbele ya mgeni wa heshima. Hakuna aliyewataka wafinyanzi wale waulainishe udongo wao kwanza. Macho ya watazamaji ndiyo yaliyobadilika. Nilipokuwa nikisimama mbele ya mitungi hiyo kwenye jumba lao la maonyesho, chini ya taa, nyuma ya kioo, nilikuwa nikiona vyombo vinavyofanana kabisa kwa kazi na vile vinavyopangwa chini kwenye mchanga kila Jumamosi gulioni Lusungo.

Msidhani lakini kwamba Shigaraki ilipita njia ya maua. Baada ya Vita Kuu ya Pili mji ule uliishi kwa kutengeneza majiko. Ndiyo, majiko ya mkaa, ya udongo, ya kupashia nyumba joto. Wao huyaita hibachi. Sehemu kubwa sana ya majiko ya Japani nzima ilitoka pale. Kisha yakaja majiko ya mafuta ya taa na ya umeme, na katika miaka michache soko likaanguka. Fikirieni mji mzima ambao chombo chake hakihitajiki tena. Sisi tunaijua hali hiyo. Ndoo ya plastiki iliingia, sufuria ya alumini ikaingia, na mtungi ukaondoka kwenye kona ya nyumba zetu bila mtu kuuaga.

Wao walifanya nini? Walihamia kwenye vyungu vya miti na maua, wakafanya vigae vya kujengea. Lile jua jeusi lililo mgongoni mwa Mnara wa Jua pale Osaka, uliojengwa kwa maonyesho ya dunia ya 1970, ni vigae vya Shigaraki. Walifanya pia sanamu za tanuki, mnyama wa porini mwenye tumbo kubwa anayewekwa mlangoni mwa maduka kwa bahati njema. Mfalme alipotembelea mji mwaka 1951 walizipanga njiani zikiwa na bendera, na tangu hapo zikapata umaarufu nchi nzima. Na baadaye mkoa ukaamua kwamba ujuzi wa mji huu ni mali ya umma, inayostahili jengo, bajeti na wafanyakazi. Bustani ile haikuota yenyewe. Watu walikaa vikao, wakapiga hesabu, wakatenga ardhi.

Sasa niwaambie juu ya moto, maana mama zangu mmenisubiri nifike hapo.

Tanuri la kale la huko huitwa anagama. Ni kama handaki refu lililojengwa kwenye mteremko, moto unakokwa chini na bomba la moshi liko juu. Vyombo hupangwa ndani kwa siku kadhaa, mlango unazibwa, kisha kuni zinaanza. Msonobari, uliopasuliwa vipande vyembamba, mchana na usiku, kwa zamu, siku nne na zaidi. Joto linapanda hadi nyuzi 1,250 na kuzidi. Majivu ya kuni yanapeperushwa na ndimi za moto, yanatua juu ya mabega ya mitungi, na kwa joto lile yanayeyuka kuwa kioo cha kijani. Hakuna aliyepaka kitu. Pale moto ulipogusa bila majivu udongo hugeuka rangi ya chungwa, na pale chombo kilipozikwa na makaa huwa cheusi. Kuni zikisha, tanuri linaachwa lipoe kwa siku nyingine nyingi kabla ya kufunguliwa.

Nilipewa zamu ya usiku pamoja na mzee mmoja ambaye amechoma tanuri lile tangu ujana wake. Nilimwonyesha kwenye simu picha za uchomaji wa kwetu: vyungu vimepangwa uwanjani juu ya kuni, vimefunikwa nyasi, moto umewashwa, na baada ya saa chache kazi imekwisha. Aliziangalia kwa muda mrefu. Akauliza, kwa msaada wa kijana aliyekuwa akitutafsiria, mnajuaje kama joto limefika? Nikamwambia mama hutazama rangi ya chungu ndani ya moto, na kikishapoa hukigonga kwa vidole na kusikiliza mlio. Akaitikia kwa kichwa. Pembeni yake palikuwa na kipima joto cha umeme na koni za udongo zinazopinda joto likifikia kiwango chake. Akanionyesha kitundu cha tanuri, akasema yeye pia kwanza hutazama rangi.

Nilitaka kwenda na udongo wa kwetu, lakini sheria za Japani za kulinda mimea haziruhusu udongo wa nje kuingia nchini. Udongo uliokwisha kuchomwa hauna shida, kwa hiyo nilibeba vigae vya chungu cha kupikia kilichovunjika. Kimoja nikakitia katika bakuli imara na kukiweka ndani ya anagama, nikitaka kuona moto ule utasema nini. Kilitoka kimevimba, kimekuwa cheusi, kimelala chini ya bakuli kama sukari guru iliyosahauliwa juani.

Kuna watu wangeona kipande kile na kusema, mnaona, udongo wa Afrika ni dhaifu. Nimesikia kauli za aina hiyo hata hapa nyumbani, kutoka kwa watu wenye elimu, na zinaniumiza. Kwa hiyo ngoja nieleze kilichotokea. Udongo mwekundu una chuma na madini mengine yanayousaidia kuyeyuka mapema. Sisi tunauchoma kwa joto la chini sana, mara nyingi nyuzi 600 hadi 900, ambalo linatosha kuufanya usirudi kuwa tope, ila halitoshi kuugeuza kioo. Unabaki na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Vitundu hivyo ndiyo siri yote. Chungu kikiwekwa juu ya mafiga matatu, tako lake linapata moto mkali na shingo yake bado ni baridi. Upande mmoja unatanuka na mwingine hautanuki. Katika chombo kilichokaza kama kioo ufa huanza na kukimbia moja kwa moja. Katika chungu chetu ufa mdogo ukianza unakutana na kitundu au chembe ya mchanga, unaishia hapo. Chukueni mtungi mzuri wa Shigaraki wenye bei ya gari, mwuinjike juu ya mafiga na maharage ndani. Utapasuka kabla maharage hayajachemka.

Na mtungi wa maji ni hivyo hivyo. Maji yanapenya taratibu hadi nje ya mtungi, yanakauka kwa hewa, na kila yanapokauka yanaondoka na joto. Ndiyo maana maji ya mtungini ni baridi bila umeme. Mtungi uliochomwa nyuzi 1,250 hauwezi kazi hiyo.

Wajapani wenyewe wanalijua hili. Ng'ambo ya mlima kutoka Shigaraki iko Iga, ambako udongo umetokana na ziwa lile lile la kale lakini umejaa mabaki ya mimea ya zamani. Ukichomwa, mabaki yanaungua na kuacha vitundu. Kwa udongo huo wanatengeneza donabe, chungu cha kupikia juu ya moto, na familia za Japani hadi leo wanapikia wali na mchuzi mezani, nchi yenye treni za kasi kuliko zote nilizowahi kuziona. Chungu kimoja cha Iga kinauzwa kwa fedha ambayo mama wa Ikombe angeuza mtumbwi mzima wa vyombo ndipo aipate. Ufundi ni ule ule wa kushindana na moto kwa kutumia vitundu. Bei tu ndiyo inayotofautiana, na bei ni uamuzi wa watu.

Vijana, wengi wenu mnamjua Magdalene Odundo, Mkenya aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, ambaye vyombo vyake leo viko katika majumba makubwa ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Hebu tazameni njia aliyopita. Mwaka 1971 alikwenda Uingereza kusomea sanaa, mjini Cambridge, akiwa amefanya kazi ya uchoraji wa matangazo Nairobi. Huko alipoanza kuupenda udongo, safari iliyomfungua macho haikuwa ya kwenda kaskazini zaidi. Mnamo 1974 alikwenda Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja, mji ambao siku hizi unaitwa Suleja. Kituo kile kilianzishwa na Mwingereza Michael Cardew mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Cardew alikuja na gurudumu lake na rangi zake za kioo, zile za kupaka chombo ili king'ae kikichomwa, akiamini atawafundisha Waafrika ufinyanzi. Kisha akaona mitungi ya Ladi Kwali.

Ladi Kwali alikuwa mwanamke wa Kigwari kutoka kijiji cha Kwali. Alijifunza kwa shangazi yake. Mitungi yake ilikuwa katika kasri la emiri, na ndiko Cardew alikoiona. Alijiunga na kituo mwaka 1954, na hatimaye alipelekwa Ulaya na Marekani kuonyesha jinsi anavyojenga mtungi kwa mikono, akizunguka yeye huku mtungi umetulia. Sura yake akifinyanga iko nyuma ya noti ya naira 20. Kituo kile kilikuja kupewa jina lake. Kwa hiyo Odundo, msichana wa Kenya aliyetokea Cambridge, alikaa chini na wanawake wa Kigwari, akajifunza kuvuta na kujenga udongo bila gurudumu na kuusugua hadi ung'ae. Baadaye alikwenda New Mexico kuona vyungu vyeusi vya wafinyanzi wa San Ildefonso, watu wa asili wa Marekani. Vyombo vyake vya leo, vyekundu na vyeusi, vyenye shingo ndefu, vinasuguliwa kwa mikono na havina rangi ya kioo. Chombo kikichomwa hewa ikiingia kinakuwa chekundu. Akikirudisha motoni na kukinyima hewa, moshi unakifanya cheusi. Mama zangu mnalijua hilo. Serikali ya Uingereza ilimpa cheo cha Dame mwaka 2020.

Sitaki mseme namtukuza kwa sababu ya cheo. Ninamtaja kwa sababu ile residensi ya Abuja, ambayo wakati huo haikuitwa hivyo, ilikuwa nyumba ambamo mwalimu alikuwa mama wa kijijini. Bila nyumba ile, msichana wa Nairobi asingekutana na mikono ile. Swali langu kwenu ni hili: kijana wa Mombasa, wa Kigali, wa Bujumbura au wa hapa hapa Mbeya anayetaka kujifunza kwa mama wa Ikombe, anafikia wapi? Analala wapi? Mama analipwa na nani kwa siku ambazo hakufinyanga vyake vya kuuza kwa sababu alikuwa akifundisha? Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na kwa akina mama hawa bado ni kweli kabisa.

Thamani ya vyungu vyetu imekwisha kuthibitishwa hata mahakamani pa historia. Pwani yetu ina makaburi, kama yale ya Kunduchi, ambayo nguzo zake zilipachikwa bakuli za China, na kwa muda mrefu wageni walipenda kuhesabu bakuli hizo na kusema miji ile ilijengwa na watu waliotoka mbali. Lakini ukichimba miji hiyo, vigae vya vyungu vya kienyeji ndivyo vilivyo vingi kupita kiasi, na vya kutoka nje ni vichache. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walivisoma vigae hivyo vilivyochanjwa pembetatu, wakavifuatilia hadi bara, wakaonyesha kwamba waliofinyanga, na kwa hiyo walioishi na kujenga, walikuwa Waafrika wa nchi hii hii. Mama fulani wa miaka zaidi ya 1,000 iliyopita alichora pembetatu kwenye shingo ya chungu, na mchoro ule ndio uliokuja kutusemea.

Niseme kidogo na wanaotaka kuomba nafasi za nje. Nendeni. Nawasihi mwende. Ila someni masharti hadi mwisho, maana zipo residensi zinazomlipa msanii na zipo zinazomlipisha, na zote hutangazwa kwa maneno matamu. Ulizeni nani anagharamia kuni au gesi, nani anasafirisha kazi kurudi nyumbani, na kazi mtakazoziacha zitakuwa mali ya nani. Kama mnaweza kuchagua, msikubali wiki mbili. Udongo hauharakishwi: kujenga, kukausha, kuchoma mara ya kwanza, kupaka, kuchoma tena, miezi miwili inakwisha bado unajifunza tabia ya tanuri. Na kabla ya kupanda ndege, kaeni na mfinyanzi wa kwenu mjue anachimba wapi, anachanganya nini, anachoma kwa kuni gani. Watu wa Shigaraki hawakuniuliza kuhusu wasanii wa Ulaya niliowasoma chuoni. Waliniuliza habari za udongo wa kwetu, kila siku, kwa njaa ya kweli.

Sasa viongozi wetu wa halmashauri na wa mkoa. Ninachoomba si bustani ya mabilioni. Naomba kiwanja karibu na ziwa, jengo moja lenye paa pana na kuta nusu ili upepo upite, maana vyombo hukauka vizuri kivulini. Stoo ya kulazia udongo. Vyumba vinne au vitano vya wageni, safi, vyenye vyandarua. Uwanja wa kuchomea kwa namna yetu, na tanuri moja la kuni la kujengwa kwa matofali ili wanaotaka joto la juu nao wajaribu. Msimu uwe wa kiangazi, kwa sababu huku kwetu mvua ni nyingi na hakuna anayechoma vyungu uwanjani wakati wa masika. Wasanii wa nje walipe. Wa Afrika Mashariki wapunguziwe. Vijana wa wilaya hii waingie bure. Na katika kila fedha itakayoingia, posho ya mama mwalimu itoke kwanza, kabla ya umeme, kabla ya mafuta ya gari, kabla ya posho za vikao.

Katiba ya nyumba hiyo waiandike wao. Wao ndio wanaojua ni udongo gani unachimbwa na nani, ni mambo gani ya kazi yanaoneshwa kwa mgeni na yapi hubaki kwa binti na mama yake. Nimezungumza na baadhi yenu mama zangu, na mmeniambia mna masharti. Basi nawaachia kipaza sauti myaseme mbele ya mkuu wa wilaya, akiwa hapa na kalamu yake. Kwenye meza ile ya pembeni nimepanga vipande vya majaribio, vya Shigaraki, vya Iga na vya kwetu, pamoja na kile kigae kilichoyeyuka. Vishikeni, vigongeni, msikilize.